Uzi maalumu: Kadi 19 za Roberto Clemente, na kwa nini nimeshikamana na mchezaji mmoja tu

Mtu wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu wakuu. Najua jukwaa hili limezoea Simba na Yanga, leo naomba mnivumilie nilete mchezo wa ng'ambo. Naishi Pittsburgh, Marekani, huu mwaka wa kumi na moja, na kwa miaka sita nimekuwa nakusanya kadi za besiboli za mtu mmoja, Roberto Clemente. Sikusanyi za timu wala za mwaka fulani. Ni yeye peke yake, tangu kadi yake ya kwanza ya 1955 hadi ya mwisho ya 1973. Jumla ni 19. Ninazo 18.

Kwa asiyeijua kadi yenyewe: ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Enzi hizo ziliuzwa kwenye pakiti moja na bigijii, na kampuni iliyoshika soko ni Topps ya Brooklyn, New York. Mtoto anatafuna bigijii yake, kadi anazifunga rababendi, anatia mfukoni anaenda kuchezea. Ndiyo maana nyingi zilizobaki zina pembe zilizolika na mfereji wa rababendi ubavuni.

Clemente alizaliwa Carolina, Puerto Rico, mwaka 1934. Dodgers, timu ya Brooklyn, walimsajili 1954 wakamweka kwenye timu yao ndogo ya Montreal, na kabla mwaka haujaisha Pirates wa Pittsburgh wakamchukua. Akacheza misimu 18, yote Pirates, upande wa kulia kule nyuma ya uwanja, na mkono wake wa kurusha mpira wazee wa hapa wanausimulia hadi leo. Tarehe 30 Septemba 1972 alipiga hiti yake ya 3,000 (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji kituoni salama). Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo akapanda ndege San Juan kupeleka msaada Nicaragua, kwa watu waliopatwa na tetemeko la Managua. Ndege ilianguka baharini dakika chache baada ya kuruka. Alikuwa na miaka 38, na mwili wake haukupatikana.

Mimi besiboli sikuijua. Nilichokijua ni daraja. Kuna daraja la njano linalovuka mto Allegheny kuelekea uwanja wa Pirates, limepewa jina lake, na nilikuwa nalivuka kwa miguu kila alfajiri nikienda kazini. Mwaka ule ule kazini walinipa kibandiko cha kifuani kimeandikwa "Sam". Mimi siitwi Sam. Jina langu ni la babu mzaa baba, aliyelala Tanga, lina silabi nne na mtoto wa miaka mitatu analitamka. Nilipouliza nikaambiwa hivyo ni rahisi kwa kila mtu. Nikakivaa, maana kazi niliihitaji.

Jumamosi moja nikapita kwenye gulio la vitu vya zamani. Meza moja ilikuwa na boksi la viatu, kadi zimepangwa wima ndani yake kama faili. Nikauona uso ninaoufahamu kutoka kwenye sanamu pale uwanjani, ila jina lililoandikwa ni "Bob Clemente". Nikamuuliza mzee muuzaji, huyu ni ndugu yake? Akasema hapana, ni yeye mwenyewe, Topps walimwandika hivyo miaka mingi. Ilikuwa kadi ya 1964, namba 440, ina mkunjo kwenye pembe ya juu. Niliinunua palepale.

Usiku ule sikulala mapema. Nikagundua kadi za 1955 na 1956 zinasema Roberto. Ya 1957 inasema Bob, na zikaendelea kusema Bob mpaka 1969. Miaka 13 wakuu. Ndipo 1970 wakamrudishia Roberto. Mwenyewe hakulikubali hilo Bob, alisema wazi kwamba anaitwa Roberto. Magazeti nayo yalikuwa yakiandika Kiingereza chake kwa tahajia ya lafudhi yake, ili msomaji aone anavyokosea. Mtu ameongoza National League, moja ya ligi mbili kuu, kwa wastani wa kupiga mara nne, 1961, 1964, 1965 na 1967. Mwaka 1966 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Unafungua kadi iliyofuata, ya 1967, namba 400, bado wanamwita Bob.

Tangu siku ile sijanunua kadi ya mchezaji mwingine. Ukikusanya timu unapata majina. Ukimfuata mtu mmoja mwaka kwa mwaka unamwona anakua. Kwenye ya 1955 ni kijana wa miaka 20, kwenye ya 1972 anaurusha mpira juu kidogo na kuutazama, uso wa mtu mzima aliyetulia. Kama kuna mwingine humu anafanya hivi kwa mchezaji yeyote, ajitokeze tuzungumze.

Fundi Mwiko

Mkuu heshima yako, nauliza kwa nia njema kabisa. Hizo karatasi zimekugharimu kiasi gani mpaka sasa? Maana huku Dodoma pesa ya kadi mbili tatu za namna hiyo tunapandisha kozi mbili za tofali. Na shemeji anasemaje?

Mtu wa Chumbageni

Kaka swali lako ni la haki na nilijiuliza mwenyewe kabla yako. Nilianza kwa kujenga. Nyumba ya mama Tanga imeezekwa na ina maji ndani, ndipo nikajiruhusu dola 40 kwa mwezi. Mwezi nisiponunua, zinalala kwenye bahasha zinasubiri mwezi ujao. Shemeji yako ndiye mtunza bahasha.

Siri ya kuimudu shughuli hii ni kukubali kadi iliyochoka. Kadi ya zamani inapimwa kwa madaraja, 1 hadi 10, na wapimaji wanaangalia pembe, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Tofauti ya bei kati ya daraja la chini na la juu haielezeki. Ile ya 1955 ya daraja la 10 iliwahi kuuzwa mnadani zaidi ya dola 400,000. Kadi ile ile, picha ile ile, ya daraja la kwanza unaipata kwa sehemu ndogo sana ya pesa hiyo, ingawa nayo ni zaidi ya dola elfu moja. Za miaka ya mwisho, kama 1970 au 1973, ukikubali imelika pembe unaweza kuipata hata chini ya dola 50. Mimi nachukua zilizolika pembe, zenye mkunjo mwepesi, hata iliyoandikwa jina la mtoto kwa kalamu nyuma. Nachokataa ni kadi iliyokatwa, iliyopakwa rangi, na yenye doa usoni kwake.

Na usinunue ukitegemea faida. Bei inapanda na kushuka, na ukiingia kwa tamaa utaiuza kadi siku ambayo ungepaswa kuishika.

Wa Kisauni

Nimejitokeza bana! Mimi niko Seattle, nakusanya Ichiro Suzuki tangu nilipohamia hapa. Hadithi yako ya jina imenigusa kwa sababu ya Ichiro. Yeye mgongoni mwa jezi aliandikwa ICHIRO, jina lake la kwanza, tangu akicheza Japani, na alipokuja Mariners, timu ya hapa Seattle, 2001 likabaki vilevile. Kwa hiyo karibu miaka thelathini baada ya Clemente kufa kuna mtu alifika na jina lake akaachiwa.

Lakini nikuambie shida yangu. Ichiro alikuja wakati kampuni za kadi zilikuwa nyingi. Mwaka ule wa kwanza peke yake ana kadi sijui mia ngapi. Picha moja inachapwa kwa mpaka wa dhahabu, wa bluu, yenye namba ya toleo, yenye kipande cha jezi. Kuna zingine ilichapwa moja tu duniani. Nimejaza albamu nne na sioni mwisho. Wewe unapata raha ya kujua zimebaki ngapi.

Mtu wa Chumbageni

Karibu sana ndugu yangu. Hiti 262 kwa msimu mmoja, 2004, hakuna aliyezifikia. Umechagua mtu.

Kwa kesi yako ningeshauri ujiwekee mpaka. Mfano: kadi moja ya kawaida kwa kila mwaka aliocheza, basi, hayo ya dhahabu uyaache yapite. Hata mimi nimelazimika kuweka mpaka. Clemente naye anazo za pembeni. Kuna zilizochapwa nyuma ya boksi za nafaka za Post, mtoto akakata mwenyewe kwa mkasi, ndiyo maana hakuna mbili zenye kingo sawa. Kuna za Kellogg's, nao ni wa nafaka, za miaka ya 70, zimewekewa plastiki ya mistari ili picha ionekane ina kina, na plastiki hiyo inajikunja na kupasuka. Hata Topps mwaka 1972 walitoa mbili mfululizo, namba 309 ya kawaida na 310 akiwa mchezoni. Nazipenda zote ila, ukiacha hiyo 309, hazimo katika 19 zangu. Kadi moja kwa mwaka, ile ya msingi.

Na katika hizo 19 zipo zinazosumbua kwa sababu ambazo hazihusiani na umaarufu. Topps walikuwa hawatoi kadi zote siku moja. Walizitoa kwa mafungu msimu mzima, na fungu la mwisho lilifika madukani watoto wameshageukia futiboli ya Kimarekani, wenye maduka wakaagiza kidogo. Ya 1963 ni namba 540, fungu la mwisho. Ndiyo maana ni ghali kuliko ya 1964 ingawa mtu ni yule yule. Ya 1971, namba 630, ina mpaka mweusi pande zote. Ukiigusa vibaya weusi unabanduka na karatasi nyeupe inachungulia. Wajanja wanapaka kalamu ya wino mweusi kwenye kingo kuficha. Imulike taa ya urujuanimno, wino mpya utajionyesha. Hiyo ya 1971 naithamini kwa sababu nyingine pia: tarehe 1 Septemba mwaka huo Pirates walianza mechi na wachezaji tisa ambao wote walikuwa weusi na Walatino, mara ya kwanza kwenye ligi kuu, na Clemente alikuwamo. Mwezi uliofuata wakachukua ubingwa wa dunia, yeye akawa mchezaji bora wa fainali.

Mama Nuru

Kaka asante kwa uzi huu, nimeusoma wote nikiwa kwenye basi. Mume wangu tunaishi naye Columbus, anapenda mambo haya, na nimeona mtandaoni mtu anauza hiyo Clemente ya 1955 dola 45. Anasema ameikuta kwa bibi yake. Ninunue nimshtue siku yake ya kuzaliwa?

Mtu wa Chumbageni

Dada tafadhali usinunue. Ngoja nieleze taratibu, maana hapa ndipo watu wanaumia.

Mwaka 1998 Topps wenyewe walichapa upya kadi zake zote 19. Hizo ni halali na ni nzuri kwa kutazama, ila si za zamani. Shida ni kwamba wengine nao wanachapa zao, wanazisugua, wanazichovya kwenye chai zipate umanjano, halafu wanakuja na hadithi ya bibi.

Nunua kioo cha kukuzia cha mara 10, hakizidi bei ya chakula cha mchana. Iweke kadi chini ya taa. Picha ya kadi halisi imejengwa kwa vitone vidogo vya rangi, vimejipanga kama maua. Hilo ni sawa. Sasa sogeza kioo kwenye saini nyeusi iliyochapwa juu ya picha, kadi ya 1955 inayo. Kwenye kadi halisi mstari wa saini ni wino mzito uliojaa, umenyooka kama umechorwa. Kwenye kopi iliyotokana na kupiga picha ya kadi nyingine, hata saini imevunjika kuwa vitone. Mara ya kwanza kuona nilinyamaza kabisa. Kwa macho matupu kadi mbili zilikuwa pacha. Chini ya kioo moja ilikuwa na mwandiko wa mtu, nyingine ilikuwa na mchanga uliojipanga mfano wa mwandiko.

Kisha pima. Kadi za 1955 na 1956 ni kubwa kidogo, sentimita 9.5 kwa 6.7, na zimelala kwa upana. Kuanzia 1957 Topps walishuka hadi 8.9 kwa 6.35, kipimo kinachotumika hadi leo. Sipendi kuwaza kwamba mwaka walioipunguza kadi ndio mwaka walioanza kulipunguza jina lake, lakini ndivyo ilivyotokea.

Kupima nimejifunza kwa kuumia. Ile ya 1963 niliinunua kwa muuzaji wa mtandaoni, pembe kali, kingo safi, nikalipa akiba ya miezi mitano. Ilipofika nikaiweka juu ya kadi nyingine ya mwaka ule ule. Ilipungua unene wa ukucha upande wa kulia. Kuna mtu aliikata kingo zilizochakaa ionekane mpya. Pesa haikurudi. Kadi ile bado ninayo, kwenye bahasha yake peke yake, sijaihesabu. Niliyoihesabu nilikuja kuipata mwaka mmoja baadaye, ina mkunjo katikati, ila iko kamili.

Kwa siku ya kuzaliwa mnunulie ya 1973. Ni namba 50. Mbele ameshika gongo, picha imelazwa kwa upana. Ilitoka baada ya yeye kufa. Mwambie shemeji aigeuze: nyuma kuna kila msimu tangu 1955, na chini kabisa, safu ya hiti, jumla ni 3,000. Katika zile 19 ni kadi pekee yenye hesabu hiyo iliyotimia.

Mama Nuru

Mungu akubariki kaka. Nimeacha ile ya dola 45. Nitatafuta hiyo ya 1973.

Mzee wa Ruzizi

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Buffalo. Nataka niongeze neno kuhusu lile jina, sababu lilimfuata hata kaburini, ikiwa tunaweza kusema kaburi kwa mtu aliyelala baharini.

Alipokufa, waliondoa sharti la kungoja miaka mitano, wakamwingiza kwenye Jumba la Wakuu wa Besiboli kule Cooperstown mwaka ule ule wa 1973. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kuingia. Wakamtengenezea bamba la shaba na uso wake. Wakaandika: Roberto Walker Clemente. Sasa kwa Wapuerto Rico jina la ukoo wa baba linatangulia, la mama linafuata. Clemente ni la baba, Walker ni la mama. Ilipaswa kuwa Roberto Clemente Walker. Bamba lilikaa na kosa hilo miaka 27. Mwaka 2000 wakalifua jipya lenye jina sawa. Nilienda kuliona pamoja na wajukuu. Nilisimama mbele yake muda mrefu, mimi ambaye kwenye makaratasi ya kambini jina la baba na langu yaligeuzwa na mpaka leo cheti changu kinasoma kinyume.

Mtu wa Chumbageni

Marahaba… samahani, shikamoo mzee wangu, kidole kimetangulia. Nimesoma maneno yako mara tatu. Sikuwa najua habari ya bamba. Nikipata likizo nitaenda Cooperstown na familia.

Kijana wa Jinja

Wakubwa mimi siko Marekani, niko hapa Uganda na besiboli tunaicheza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, hapo hapo Pennsylvania kwako mkuu, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka uliotangulia timu ya Uganda ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza.

Mimi namkusanya Gift Ngoepe. Ni wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara letu kucheza ligi kuu, 26 Aprili 2017, na timu ni hiyo hiyo Pirates. Zamu yake ya kwanza ya kupiga alipata hiti. Kadi zake si ghali, zipo za dola moja moja, gharama kubwa ni posta. Nina tatu. Jina wameandika vizuri.

Mtu wa Chumbageni

Mdogo wangu, siku ile nilikuwa uwanjani. Tiketi za juu kabisa. Watu walisimama, na mimi nilisimama nikapiga kelele kwa Kiswahili, sikujali. Nitumie anwani ya sanduku la posta faraghani. Nina mbili za Ngoepe nilipewa bure kwenye maonyesho ya kadi, nitakutumia.

Nikiwa hapa nijibu walioniuliza utunzaji. Mfuko laini kwanza, halafu kava gumu la plastiki. Kava lisiwe la PVC, linatoa mvuke unaoharibu rangi. Weka mbali na jua na unyevu. Rababendi iishie jikoni.

Mtu wa Chumbageni

Wakuu, narudi baada ya miezi minne. Wengi mmeniuliza faraghani habari ya ile moja iliyobaki, ya 1955.

Kuna mzee kwenye maonyesho ya kadi, tunafahamiana miaka mitatu sasa. Alikuwa nayo, namba 164, daraja la kwanza. Mkunjo mmoja kuanzia begani mpaka kwenye jina, pembe zote zimelika, nyuma kuna alama ya gundi kwa sababu mtoto fulani aliibandika kwenye daftari. Uso uko safi. Tulikubaliana nilipe kidogo kidogo, akaniwekea. Malipo ya mwisho yalikuwa Ijumaa.

Jana usiku tulizipanga zote juu ya meza ya kulia, safu tatu. Binti yangu wa miaka saba akazisoma kwa kidole. Roberto, Roberto. Halafu Bob, Bob, Bob, akaendelea mpaka akachoka akauliza huyu Bob ni nani. Nikamwambia endelea. Akafika ya 1970.

Nimeipima kabla sijaiweka mezani. 9.5 kwa 6.7. Haijakatwa.